Vibovu 28 kati ya 2,000: kwa nini si 2%?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha vifuniko vya plastiki. Tuna mashine mbili zinazotoa kifuniko cha aina moja. Katika zamu moja mashine A ilitoa vifuniko 400, vibovu vikawa 12, yaani 3%. Mashine B ilitoa 1,600, vibovu 16, yaani 1%. Nikajumlisha 3 na 1, nikagawanya kwa 2, nikaandika kwenye ripoti kwamba kiwango chetu cha kasoro ni 2%. Msimamizi ameirudisha akisema ni 1.4%. Nimekosea wapi? Halafu tuna oda ya vifuniko 5,000 vizima. Tutengeneze vingapi ili kufidia vibovu?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Msimamizi wako yuko sahihi. Hesabu zako za mashine mojamoja hazina tatizo. Tatizo limeingia pale ulipozijumlisha asilimia. Ile 3% ni ya vifuniko 400, na ile 1% ni ya vifuniko 1,600. Ukizigawanya kwa mbili unaipa mashine A uzito sawa na B, ilhali B imefanya kazi mara nne zaidi. Rudi kwenye idadi zenyewe: vibovu 12 + 16 = 28, vyote vilivyotengenezwa 400 + 1,600 = 2,000. Gawanya 28 kwa 2,000, zidisha kwa 100, unapata 1.4%. Njia yako ingetoa jibu sahihi iwapo tu mashine zote mbili zingetoa idadi sawa ya vifuniko.

Kila unapokutana na asilimia, jiulize kwanza: asilimia ya nini? Tazama pipa la vibovu la zamu hiyo. Kati ya vifuniko 28 vilivyomo, 16 vimetoka mashine B, sawa na 57%. Anayelitazama pipa peke yake atamwita fundi aifungue B. Lakini B inaharibu kifuniko kimoja katika kila 100, na A inaharibu vitatu. Vibovu vya B ni vingi kwa sababu kazi yake ni nyingi. Nimeona uamuzi wa namna hii ukifanywa kwa kulihesabu pipa tu, na mashine yenye ugonjwa ikaachwa iendelee kuharibu malighafi.

Je, huenda A ilikuwa na bahati mbaya tu zamu hiyo? Pima kwa uwiano. Kama mashine zote zingekuwa na kiwango kimoja cha 1.4%, katika vifuniko 400 vya A tungetarajia vibovu 5 au 6 (400 × 0.014 = 5.6). Vimepatikana 12, zaidi ya mara mbili. Pengo hilo ni kubwa mno kusingizia bahati, kwa hiyo A ikaguliwe. Ila usiishike ile 3% kama namba ya kudumu. Zamu ijayo ikitoka 2% au 4% haitakuwa ajabu, maana vifuniko 400 si vingi.

Sasa oda. Wengi huchukua 1.4% ya 5,000, wanapata 70, wanatengeneza 5,070. Hapo wamesahau kwamba hata vile 70 vya ziada vitakuwa na vibovu vyake. Vizima ni 98.6% ya vitakavyotengenezwa, kwa hiyo gawanya: 5,000 ÷ 0.986, unapata 5,071. Kwako tofauti ni kifuniko kimoja, lakini kiwango cha kasoro kikiwa 10%, njia ya kujumlisha inakupa 5,500, na vizima ndani yake ni 4,950 tu. Umepungukiwa 50, na mteja anasubiri.

Kuna sharti hapa: 1.4% inafaa tu kama oda itagawanywa kama zamu ile, sehemu moja kwa A na nne kwa B. Ukiipeleka yote B, utahitaji 5,051. Ukiipeleka yote A, 5,155. Na kwa kuwa hizi ni hesabu za wastani, karibu nusu ya mara utapungukiwa kidogo. Mimi ningeongeza vifuniko 20 hivi juu ya 5,071.

Jambo la mwisho kabla hujaandika upya. Hakikisha unahesabu vifuniko, si kasoro. Kifuniko chenye ufa na ambacho pia rangi yake imefifia kina kasoro mbili, lakini ni kibovu kimoja. Na kwenye ripoti usiache asilimia peke yake. Andika: "Vibovu 28 kati ya 2,000 (1.4%), A: 12 kati ya 400 (3%), B: 16 kati ya 1,600 (1%)."