Glia, minosaiklini na mgonjwa wa skizofrenia

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 22. Mwaka jana aligunduliwa kuwa na skizofrenia, akaanzishiwa risperidoni, sasa anameza miligramu 4 kwa siku. Sauti zimenyamaza, lakini hana hamu ya lolote. Hata kuoga mpaka asukumwe. Nimeambiwa seli ziitwazo glia ndizo zinazomla ubongo, na kwamba minosaiklini, ile dawa ya chunusi, huzizuia. Nimwachishe risperidoni nimpe hiyo? – Dada mtu, Kayole

JIBU: La, dada, usimwachishe. Na minosaiklini usinunue.

Habari ya glia yenyewe ina msingi. Mikroglia ni glia za kinga, na katika ujana huondoa sinapsi zilizozidi, yaani maungio ya neva, kama mkulima anavyopunguza miche ya sukuma iliyosongamana. Bila kazi hiyo ubongo haukomai. Mwaka 2016 watafiti Marekani walionyesha kwamba aina fulani za jeni ya C4 huongeza hatari ya skizofrenia. Protini ya C4 hutia alama kwenye sinapsi za kuondolewa. Alama zikizidi, huenda hata zinazohitajika zikaondolewa. Hilo lingeeleza kwa nini ugonjwa huwapata wengi wakiwa na umri wa mdogo wako. Ila kinachopungua ni maungio. Hakuna kinachomla ubongo, na tafadhali asiyasikie maneno hayo.

Glia nyingine nazo zinachunguzwa: oligodendrosaiti, zinazovika nyuzi za neva mayelini, yaani ala ya mafuta, na astrosaiti, zinazodhibiti glutamati, kemikali ambayo neva hupelekeana ujumbe.

Katika maabara, minosaiklini ilipunguza kasi ya mikroglia kumeza sinapsi. Kwa wagonjwa mambo yalikuwa tofauti. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuata watu 207 kwa miezi 12. Nusu yao walipewa minosaiklini hadi miligramu 300 kwa siku, juu ya dawa zao za kawaida. Kilichopimwa ni huo huo ukosefu wa hamu unaokusumbua, na dawa haikuishinda tembe tupu, isiyo na dawa ndani, waliyopewa wenzao. Pengine sinapsi huwa zimeshaondolewa dalili zinapoanza. Tena ikitumiwa muda mrefu huweza kutia ngozi weusi, au kupandisha shinikizo ndani ya kichwa, mtu akaumwa kichwa na kuona ukungu.

Sasa mtazame anavyotembea. Mikono inaning'inia bila kupunga? Uso umekaza, mate yanamtoka, hatua ni fupi? Hizo ni dalili za risperidoni kuzidi, na kutoka nje zinafanana sana na uvivu. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Muulize pia mdogo wako kama ana huzuni au anawaza kufa. Sonona hutibika, na akisema anawaza kufa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Yaandike yote pamoja na tarehe yalipoanza, uende nayo kliniki. Usiku asiolala kabisa nao uuandike: mara nyingi usingizi hupotea kabla sauti hazijarudi, na hapo msisubiri tarehe ya kliniki.