Kabla ya kusoma kibao cha kumbukumbu, uliza nani alikiweka

Ukitoka Dar kwenda Mbeya, ukishamaliza kona za Kitonga na kuwapita wauza nyanya na vitunguu wa Ilula, kabla hujaingia Iringa kuna mahali panaitwa Lugalo. Mabasi makubwa hayana habari na hapo. Wengi wetu jina hilo tunalijua kwa kambi ya jeshi na hospitali yake kule Dar. Kambi ile kwanza iliitwa Colito, kwa kumbukumbu ya mapigano ya King's African Rifles, jeshi la Waingereza lenye askari Waafrika, huko Ethiopia mwaka 1941, baadaye ikapewa jina la Lugalo. Yaani jina la ushindi wa jeshi la mkoloni liliondolewa, likawekwa jina la mahali ambapo jeshi la mkoloni lilipigwa.

Mimi ni mtu wa kushuka njiani. Nikiona mnara au kibao cha kumbukumbu nauliza, na safari ikiruhusu nashuka. Ushauri wangu wa kwanza kwa anayependa mambo haya ni huu: usianze na maandishi. Anza na swali la nani aliyeuweka mnara huo, lini, na kwa ajili ya wafu gani.

Pale Lugalo swali hilo lina uzito wake. Tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa Wajerumani ukiongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimbandika jina la Nyundo, ulikuwa unapita kwenye njia nyembamba yenye vichaka na mawe. Alikuwa amepanda punda. Askari wake walitembea mmoja nyuma ya mwingine. Wahehe wa Chifu Mkwawa walikuwa wamejificha pembeni, na walipotokea na mikuki yao, kazi iliisha kwa dakika chache. Zelewski aliuawa hapo hapo. Inasimuliwa kwamba aliyemchoma mkuki alikuwa kijana mdogo tu. Wazungu waliokufa walikuwa 10. Askari Waafrika waliokufa, wengi wao Wasudani walioajiriwa mbali kabisa na hapa, walizidi 200, na kuna wapagazi pia. Wahehe nao walipoteza watu wengi.

Sasa, mnara wa pale ulijengwa na Wajerumani kuwakumbuka watu wao. Uzunguke pande zote. Watafute wale askari. Watafute wapagazi. Halafu watafute Wahehe, ambao ndio walioshinda. Hapo ndipo utaona kwamba mnara unasimulia zaidi habari za mwenye kuujenga kuliko za vita yenyewe. Siwalaumu watu kwa kuzika na kukumbuka wa kwao. Ninachosema ni kwamba ukiishia kwenye jiwe lile peke yake, unaondoka na nusu ya habari, tena nusu ya aliyeshindwa.

Nusu nyingine iko kwa watu. Usimwendee mzee na simu ikiwa tayari inarekodi. Salimia kwanza, ukiweza kusema "kamwene", salamu ya Kihehe, umeshafunguliwa mlango, shikamoo nayo haijawahi kuharibu kitu. Usiulize "naomba historia ya hapa", maana utapewa ile ile ya kitabu cha shule. Uliza mambo ya ardhi: njia ya zamani ilipita wapi, maji yalichotwa wapi, kwa nini watu hawalimi upande ule. Mzee mmoja niliyemuuliza hivyo alinyoosha fimbo kuelekea mteremkoni akasema, "Hao wa kwenye mnara ni wa kwao. Wetu tuliwazika wenyewe, hatukuandika." Kisha akarudi kwenye habari za mahindi, nami nikamwacha. Picha ya mtu au ya kaburi, omba kwanza. Ukikataliwa, yaishe.

Ukiwa na siku nzima, usikomee Lugalo. Lala Iringa mjini, upite kwenye makumbusho ya Boma, jengo la enzi za Wajerumani, halafu ushike njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha mpaka Kalenga. Hapo ndipo palikuwa na ngome ya Mkwawa, waliyoiteka Wajerumani Oktoba 1894. Yeye akawatoroka, akapigana nao kwa kuvizia hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu kizima, cha 246, kinachodai fuvu hilo lirudishwe. Halikurudi mpaka 1954, Edward Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipolitoa kwenye makumbusho ya Bremen na kumkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, yule yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Fuvu lipo Kalenga, utaliona kwa macho yako. Mlinzi wa makumbusho muulize swali ambalo watoto wa shule huwa hawaulizi: kwa nini Mwingereza alihangaika nalo hivyo, tena mwaka 1954? Jirani Kenya ilikuwa imewaka moto wa Mau Mau, na gavana alihitaji urafiki wa Wahehe. Hata kurudisha mabaki ya mtu kuna mwenye hesabu zake.

Mwili umezikwa Mlambalasi, mbele zaidi kwenye njia hiyo hiyo. Huko usiende kwa kubahatisha usafiri. Patana na bodaboda bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, mwambie kabisa utakaa muda mrefu, na nusu ya hela umpe mkisharudi Iringa.