Fuwele bapa za protini ya utando: mabonge yanatoka wapi?

Mkuu uliyeuliza kwa nini protini yako ya utando (ile inayokaa ndani ya ngozi ya mafuta ya seli) inageuka mabonge badala ya fuwele bapa, yaani karatasi ya protini zilizojipanga, kila ukitoa sabuni iliyoiyeyusha, pole, nimepita huko. Kabla sijarudi Mwanza nilikaa miaka miwili Ujerumani na kazi hiyohiyo, na mwaka wa kwanza wote uliishia kwenye mabonge.

Umeona dagaa wanavyoanikwa ufukweni huku kwetu? Safu moja, ubavu kwa ubavu. Ndivyo unavyotaka protini zikae ndani ya lipidi, yaani mafuta ya utando. Lipidi zikiwa chache mno, protini zinang'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe. Zikizidi, unapata vifuko vya mafuta na protini moja hapa, moja kule. Jaribu uwiano wa uzito wa lipidi kwa protini kuanzia 0.2 hadi 1, kwa hatua ndogo. Yangu ilikubali kwenye 0.4.

Sabuni hujaitaja. Kama ni oktili glukosidi, ikishuka chini ya milimola 20 kwa lita hivi, mafungu yake (molekuli za sabuni zilizoshikana) yanavunjika na inapita bila shida kwenye mfuko wa dayalisisi, ule wenye vitundu vidogo vinavyozuia protini. Sabuni nyingine, dodesili maltosidi, inashikilia mafungu mpaka chini ya milimola 0.2, na mafungu hayo hayapiti. Utabadilisha bafa, maji yanayouzunguka mfuko, wiki nzima na bado imo. Hiyo itolee kwa punje za plastiki zinazofyonza sabuni, ila chache chache. Ukizimwaga zote mara moja, mabonge tena.

Kosa lililonigharimu mimi lilikuwa baridi. Kwa kuogopa protini isiharibike niliweka mfuko kwenye chumba cha nyuzi 4, na lipidi yangu ilikuwa DMPC, ambayo chini ya nyuzi 23 hivi inakuwa kama samli ya asubuhi. Protini itatembeaje humo? Nilipohamishia nyuzi 30, siku ya tano mfuko ulishika ukungu mwembamba. Ukiuinamisha taratibu unaona kama hariri inapinda. Tone moja kwenye gridi (kijiwavu cha kuwekea sampuli), asetati ya uranili juu yake kama rangi, na hadubini ya elektroni ikanionyesha karatasi zenye mistari, dalili ya protini zilizojipanga. Chembe nzito zinazotuama chini haraka, hizo usijidanganye nazo.

Na usijipime na Henderson na Unwin, wanasayansi walioonyesha umbo la protini ya utando kwa hadubini ya elektroni mwaka 1975. Protini yao, bakteriorodopsini, hujipanga yenyewe ndani ya kijidudu cha chumvi kali; walikuta dagaa wameshaanikwa.

Tuwekee picha ya gridi, jina la lipidi na joto ulilotumia.