Kijibwa analia usiku kucha

Pole, mdogo wangu. Umesema kijibwa wako wa wiki nane analia usiku kucha, anakojoa kila kona, na jirani ameanza kununa.

Analia kwa sababu hajawahi kulala peke yake. Rudi kwa aliyekupa, omba tambara walilolalia na mama yake. Liweke kwenye boksi kando ya kitanda chako, pamoja na chupa ya maji ya uvuguvugu uliyoivingirisha kanga. Wangu alikuwa akiweka pua kwenye lile tambara, anahema mara mbili tatu, kimya. Kila baada ya siku kadhaa lisogeze boksi kidogo kuelekea anapotakiwa kulala. Ukianza kwa kumfungia stoo, jirani atakuchukia zaidi.

Mkojo: mtoe nje akiamka tu, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na usiku walau mara moja. Pale pale kila siku. Akimaliza msifu hapo hapo. Hii tabia ya kumsugua pua kwenye mkojo iacheni jamani, inamfundisha kukuogopa na kwenda kukojoa chini ya kochi.

Chakula kidogo mara tatu au nne kwa siku. Uji wa maziwa ya ng'ombe unaweza kumharisha. Vitunguu usimpe kabisa.

Na chanjo usichelewe, parvo, ugonjwa wa virusi unaowaharisha na kuwatapisha watoto wa mbwa, unaua haraka. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii, umuulize pia dawa ya minyoo na tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kabla hajamaliza chanjo, asizurure na mbwa wa mtaani.