Re: Pomboo na kereng'ende, aanzie wapi?

Habari ndugu. Nimelielewa swali hivi: binti yako ametakiwa alinganishe pomboo na kereng'ende, akaandika "mmoja wa majini, mwingine wa angani", akakosa alama. Anzieni kurekebisha hapohapo. Wanafunzi wangu nao hujikwaa palepale kila mwaka.

Pomboo huishi baharini lakini hupumua hewa kwa mapafu. Pale Kizimkazi, Zanzibar, boti ikizimwa mashine, unamsikia kabisa akipuliza kwa tundu la utosini. Kereng'ende ndiye anayeanza maisha akipumulia majini! Mtoto wake mchanga, tunutu, ana matamvua ndani ya utumbo wa nyuma, tena akiyasukuma maji kwa nguvu anachupa mbele. Niliwahi kumweka mmoja kwenye chupa pamoja na viluwiluwi: mdomo wa chini ulikuwa umekunjwa, ukafyatuka, kiluwiluwi kikanaswa. Mtafutieni dimbwi aone mwenyewe, hatasahau.

Kisha aeleze uwindaji, maana hapo ndipo wanapofanana: wote ni wawindaji, ila kila mmoja kwa mbinu yake. Pomboo hutoa milio na kupokea mwangwi wake kupitia taya la chini, kwa hiyo hupata samaki hata gizani. Kereng'ende hutegemea macho, kila moja likiwa na lenzi ndogondogo hadi 30,000 hivi. Pomboo humeza samaki bila kumtafuna. Kereng'ende hutafuna mbu hukohuko hewani.

Uzazi mistari miwili inatosha: pomboo huzaa na kunyonyesha, kereng'ende hutaga mayai.

Akimaliza, weka jibu lake hapa nilipitie kabla hajalirudisha.