Usikubali Mtu Akuvunje Shingo

Wiki iliyopita aliniandikia kijana mmoja, fundi cherehani wa Mwanza. Ana oda ya sare za kwaya, ameshona siku tatu mfululizo, na siku ya nne ameamka shingo imekaza kiasi kwamba mteja akiita kutoka mlangoni inabidi ageuke mwili mzima. Akaniuliza: "Kaka, hapa jirani kuna saluni, jamaa akimaliza kukunyoa anakuvunja shingo mpaka inalia. Niende aninyooshe nimalizie kazi?"

Sikumjibu kwa maandishi. Nilimpigia simu saa ileile nikamwambia asiende. Mke wangu alikuwa chumba cha pili, akaja kuuliza nagombana na nani. Nilikuwa nagombana kweli, ila si na yule kijana.

Najua wengi mnaonisoma ni mafundi wenzangu. Unataka kutoka kwenye cherehani moja ya barazani, ufikie fremu yako mwenyewe yenye mashine nne na jina lako juu ya mlango. Mimi leo nina mashine tano na vijana watatu, na nasema hivyo kwa fahari kwa sababu hakuna aliyenipa. Lakini kuna mwaka ambao nusura shingo iniondoe kabisa kwenye kazi hii.

Mwaka 2018 nilikuwa Ngamiani, Tanga, nikiwa na cherehani mbili: Butterfly ya miguu niliyoachiwa na mjomba, na ya umeme niliyonunua mwenyewe. Novemba ya mwaka ule shule moja ya binafsi ikanipa oda ya sare 140, sketi, kaptura na mashati, nizikabidhi kabla shule hazijafunguliwa Januari. Kwa fundi wa barazani, oda ya namna ile inabadilisha maisha. Nilishamwambia mke wangu aanze kuulizia fremu ya barabarani. Nikawa nashona baada ya swala ya alfajiri mpaka saa sita usiku.

Anayeshona anajua tunavyokaa. Kidevu kinakaribia kugusa kifua, macho yanaifuata sindano, mabega yamepanda bila mwenyewe kujua. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na pingili 7 za shingo zimeumbwa kukibeba kikiwa kimesimama wima juu yake. Ukikiinamisha, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokivuta kisianguke. Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji wa uti wa mgongo huko New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu akaonyesha kwamba kichwa kikiinama kwa pembe ya nyuzi 60, mzigo kwenye shingo unafika kama kilo 27. Yeye alikuwa anawafikiria watu wanaoinamia simu. Mimi nilipoisoma niliwafikiria mafundi. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Nilikuwa nabeba zaidi ya nusu mfuko shingoni kuanzia alfajiri mpaka usiku wa manane.

Maumivu yalianza wiki ya pili ya Desemba, upande wa kulia, pale shingo inapokutana na bega. Nikasema nimelala vibaya.

Mama yangu alikuwa bado hai, na ndiye aliyenishika kwanza. Alikaanga chumvi ya mawe kwenye kikaango kikavu, akaifunga ndani ya kipande cha kanga alichokikunja mara tatu, akajaribu joto lake kwenye mkono wake mwenyewe, ndipo akaniwekea. Ikipoa anabadilisha. Halafu akachukua mafuta ya nazi aliyoyapasha pamoja na karafuu, akanichua taratibu kutoka nyuma ya sikio kushuka mpaka begani. Akikuta fundo kwenye msuli analibonyeza kwa kidole gumba, anatulia nalo, analiachia. Koo langu hakuligusa, na kichwa changu hakukigeuza hata mara moja. Usiku ule nililala, na asubuhi niliweza kugeuka nusu. Ningepumzika siku mbili tu, naamini ningepona palepale kwenye mkeka wa mama. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa tena kwenye cherehani, na mama aliniona, akanyamaza. Ule unyamavu wake unaniuma mpaka leo.

Jirani akanipeleka kupiga chuku, vile vikombe vinavyovuta ngozi mgongoni. Nilipata nafuu ya siku mbili, na alama za duara mgongoni zilikaa zaidi ya wiki. Sina ugomvi na chuku. Ila ukienda kwenye ile ya kuchanja, wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yako, na vikombe visiwe vimetoka mgongoni kwa mtu mwingine, maana homa ya ini na virusi vya Ukimwi hupita kwenye damu.

Zikabaki sare 52, na siku kumi. Nikaingia saluni niliyokuwa nanyoa siku zote. Kijana akamaliza kuninyoa, akanipaka spiriti, akanikandakanda mabega kama kawaida yao. Kisha akaweka kiganja kimoja kidevuni na kingine kisogoni, akaniambia, "Legea, mkubwa." Nikalegea. Akageuza kulia, ka! Akageuza kushoto, nikahisi kama umeme umeshuka kutoka shingoni, umepita bega la kulia, umefika kwenye kidole gumba na cha shahada. Nikapiga kelele. Yeye akasema ndiyo imekubali hiyo. Nikamlipa, nikaondoka.

Usiku ule vidole viwili vile vilikuwa na ganzi. Na ninyi mafundi mnajua, hivyo ndivyo vinavyoongoza mkasi. Asubuhi nilijaribu kukata kola, mkasi ukadondoka. Nikauokota, ukadondoka tena. Nilikaa chini nikalia, mwanaume mwenye watoto wawili.

Siku za vidonge na kuhangaika nazipita. Shule zilifunguliwa, sare 52 hazikuwa tayari. Kijana ambaye nilimfundisha kazi tangu hajui kutunga uzi kwenye sindano alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, akachukua zilizobaki, na mwaka uliofuata akapewa oda nzima. Hakuniambia. Nilisikia kwa muuza vifungo. Watu wakiniuliza nasema nimesamehe. Lakini nikipita pale wakati wa mapumziko, watoto wametoka nje, macho yangu yanakwenda kwenye mapindo ya sketi.

Hospitalini walinipiga eksirei. Mfupa haukuvunjika, daktari akasema mshipa wa fahamu umebanwa pale unapotokea kwenye pingili, ndiyo maana ganzi inashuka mpaka vidoleni. Akanituma kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kijana mdogo aliyesomea hospitali ya KCMC kule Moshi. Nilitegemea aanze kunikanda. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Meza yako ya kushonea ina urefu gani?" Sikujua. Nimeshona miaka kumi na moja, napima viuno vya watu kila siku, meza yangu sijawahi kuipima.

Yule kijana wa fiziotherapia ndiye aliyenieleza habari ambazo zilininyima usingizi. Pembeni mwa pingili za shingo kuna matundu, na ndani yake inapita mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda sehemu ya nyuma ya ubongo. Shingo ikigeuzwa kwa nguvu na kwa ghafla, ukuta wa mshipa unaweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda, na mtu akapata kiharusi. Haitokei mara nyingi, alisema, lakini ikitokea haichagui wazee. Na ule mlio tunaoupenda, ka!, si mfupa unaorudi mahali pake. Ni hewa iliyo kwenye ute wa kiungo. Kwa hiyo tunakwenda kulipia mlio. Wapo waliosomea kazi ya kunyoosha pingili kwa mikono, taaluma aliyoianzisha Daniel David Palmer huko Marekani mwaka 1895, lakini hata wao wanatakiwa wakuulize maswali na wakupime kabla hawajakugusa. Kinyozi wako alikuuliza nini?

Sasa yale niliyoyafanya nyumbani. Joto lilibaki kuwa dawa yangu kubwa: chumvi ile ya mama, au chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo, dakika 15 asubuhi na 15 usiku. Kama umeumia papo hapo, umeanguka au umevutika, siku mbili za mwanzo wengi hupata nafuu zaidi kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Joto lije baadaye. Kuchua ni taratibu, mafuta yoyote yanayoteleza, kutoka nyuma ya sikio kushuka begani, na anayekuchua asikigeuze kichwa. Karafuu ukiitumia iwe kidogo, nyingi inaunguza ngozi.

Zoezi nililopewa ni jepesi mpaka mtu unalidharau. Unakaa wima, macho mbele, unarudisha kidevu nyuma kama mtoto anayekwepa kijiko cha dawa. Unahesabu mpaka 5, unaachia, mara 10. Halafu unaweka kiganja kwenye paji la uso, kichwa kinasukuma, kiganja kinazuia, hakuna kinachosogea. Vivyo hivyo kisogoni na pembeni. Kama ganzi inazidi kushuka mkononi unapofanya, acha, urudi kwa mtaalamu. Nilifanya mara tatu kwa siku. Wiki mbili sikuona kitu. Wiki ya sita niliweza kurudi nyuma na pikipiki huku nimegeuza kichwa. Ganzi iliisha mwezi wa tatu.

Kola ya hospitali, ile ngumu ya kushikilia shingo, niliivaa siku chache, wakaniambia niivue, kwa sababu misuli ikizoea kubebewa inalegea. Kitandani mto mmoja tu, unaojaza nafasi kati ya bega na sikio ukilala ubavu. Vidonge vya maumivu vya diklofenaki msivimeze kama karanga, hasa mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo. Muulize daktari kwanza.

Na meza. Niliinua meza ya ile cherehani ya umeme kwa tofali mbili nene kila upande, na ile ya miguu, kwa kuwa haiinuki, nikatafuta stuli fupi zaidi. Kitambaa kikapanda kuelekea machoni, kichwa kikaacha kushuka. Kila nusu saa nasimama. Simu inalia, nasimama, hata kama mshono umefika katikati ya mkono wa shati. Nasimama, nazungusha mabega, narudisha kidevu nyuma, nakaa. Vijana wangu watatu nao ni lazima wasimame. Mmoja alianza kununa kwamba tunapoteza muda. Nilimwonyesha mkasi wangu wa zamani, ule uliodondoka, wenye ncha iliyopinda, nikamweleza kwa nini haujanolewa.

Ndugu zangu, tunajivunia kukesha. Fundi anamwambia mteja "sijalala kwa ajili yako" kama vile ni sifa. Mimi nilikuwa bingwa wa maneno hayo. Mteja hakukuomba usilale, amekuomba nguo. Ukipokea oda ya sare 140 wakati mikono yako inatosha 90, zile 50 utazishona kwa shingo, na shingo haina duka la vipuri. Gawana kazi na fundi mwenzako, andikishaneni, hata kama faida inapungua. Pumzika siku mama anapokwambia upumzike. Ukiumwa, anza na joto, na mkono wa taratibu, na zoezi. Usimpe mtu kichwa chako akigeuze ghafla, awe kinyozi, awe mkandaji wa sokoni, awe rafiki yako wa mazoezi.

Kuna hali ambazo chumvi na karafuu uziache jikoni uende hospitali. Mkono umeingia ganzi au unaishiwa nguvu. Shingo imekakamaa pamoja na homa na kichwa kinachouma vibaya, hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, usisubiri kupambazuke. Umetoka kwenye ajali ya bodaboda. Miguu mizito, au mkojo hauzuiliki. Na kama baada ya kugeuzwa shingo umeshikwa na kizunguzungu, unaona vitu viwili viwili, ulimi mzito, hapo watu wakubebe mara moja.

Kijana wa Mwanza hakuwa na dalili hizo. Alilala siku moja na nusu, dada yake akamkanda kwa taulo la moto, oda akaigawana na fundi wa jirani. Jana ameniambia anageuka mpaka karibu na bega, na kwaya imeongezewa wiki.

Aliniuliza pia kama nilirudi kwa kinyozi wangu. Nilirudi mara moja, mkono ukiwa bado na ganzi, nikamweleza yote. Aliniambia wateja wake wengine hawalalamiki. Sikwenda tena. Siku hizi nanyoa kwa mzee mmoja karibu na stendi, na kabla sijakaa kwenye kiti chake humwambia: nywele na ndevu tu, mzee wangu, shingo niachie mwenyewe.