Kanga Iliyomsema Mjane: kwa mnaoanza maigizo ya vijijini

Wadogo zangu mnaojiunga na vikundi vya maigizo mwaka huu, sauti na pumzi mtafundishwa na wengine. Mimi nataka tuzungumze habari ya mtazamaji, kwa kuwa ndiye niliyechelewa kumjua.

Mwaka wangu wa pili kikundini nilipewa kazi ya mavazi. Tulikuwa na igizo la mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji yake, tukalipeleka kijiji kimoja cha pwani, upande wa Pangani. Kanga ya mjane niliichagua kwa rangi tu: nyeusi, pindo jeupe, machoni pangu ina huzuni. Msiba ukaanza. Mwigizaji akaketi mkekani, akajitanda, akalia vizuri kweli. Kina mama wa mbele wakaanza kunong'onezana. Mmoja akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mara kicheko kikaenea uwanja mzima, na dada wa watu akazidi kulia akidhani hajawagusa.

Tulipomaliza, bibi mmoja akaniita pembeni, akaitandaza ile kanga magotini, akanisomea: "Japo sipati tamaa sikati." Akasema, "Mjukuu wangu, huyu hakufiwa. Huyu kuna mtu anamtaka."

Nilikuwa nimeikunja na kuikunjua kanga ile wiki nzima ya mazoezi bila kuisoma. Wao waliisoma kabla mjane hajafungua kinywa. Kanga ina pindo, ina mji wa katikati, ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, na mwanamke wa pwani hatoi pesa ya doti kabla hajalisoma jina. Tena jina hilo halisemi neno moja siku zote. Jirani mliyegombana naye akipita mlangoni pako na "Usisafirie nyota ya mwenzio", umeshasemwa. Kanga hiyo hiyo akikupa mama yako unapoondoka nyumbani, ni wosia. Maandishi hayajabadilika, kilichobadilika ni nani kamvalia nani, na wanaotazama wanalijua hilo kuliko ninyi mliokuja na gari asubuhi.

Kwa hiyo msipandishe kitu jukwaani mkakiita pambo. Mtazamaji anasoma viatu, anasoma nani kakaa kitini na nani mkekani, anasoma mkono. Tulipolifahamu hili tulifuta hotuba nzima ya shemeji mbaya. Badala yake akampa mjane kikombe cha maji kwa mkono wa kushoto. Uwanja uliguna. Hakuna sentensi yangu iliyowahi kufanya kazi hiyo.

Waliotutangulia waliliona mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Profesa Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi Malya, Mwanza, juu ya mimba za wasichana. Hawakupeleka igizo lililokwisha kupikwa Dar. Walikaa na wanakijiji, wakachambua nao tatizo, na maonyesho yakatoka katika ngoma na michezo ya hapo hapo. Someni habari za kazi ile kabla ya kuandika mswada wenu wa kwanza, nawasihi.

Jambo jingine ni swali mnalouliza mwishoni. Ukiuliza "Mmeelewa?" utajibiwa "Ndiyooo!" na watoto, na watu wazima watakuonea haya wakuitikie. Uliza walichokiona. Uliza, "Yule shemeji alianza kuwaudhi wapi?" Halafu nyamaza, hata kimya kikizidi, usikijaze kwa maelezo yako.

Baada ya wiki tatu tulirudi kwa yule bibi. Mjane alijitanda "Sisi sote abiria dereva ni Mungu", na hakucheka mtu. Tulipouliza walichokiona, mama mmoja alisimama nyuma kabisa, akasema shemeji yule anamfahamu, akaanza kutueleza shamba lenyewe linapakana na nani.